Tulivyojifunza kukagua viraka vya usafi kwenye skripti za majaribio za Git

Kiraka cha kusafisha mtindo, yaani pendekezo la mabadiliko ya kodi ya programu linalolenga unadhifu wa maandishi yake tu, ndicho hupitishwa kwa macho ya usingizi kuliko viraka vyote. Aliyekiandika anaamini hakuna alichobadilisha zaidi ya mwonekano, anayekikagua anaamini hivyohivyo, na kompyuta inasema majaribio yote yamepita. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwakagulia wenzangu wa kikundi chetu hapa Dodoma viraka vya namna hiyo, vinavyogusa skripti za majaribio za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi. Naandika kwa ajili ya yeyote atakayepewa kazi hii akidhani amepewa kazi nyepesi.

Tulianza kwa sababu ya maombi. Wanafunzi kadhaa wa Chuo Kikuu cha Dodoma walitaka kuomba nafasi za Google Summer of Code na Outreachy, mipango inayowalipa wanaoanza kuchangia miradi ya kodi huria, kupitia mradi wa Git. Mradi ule humtaka mwombaji aoneshe kwanza kazi ndogo aliyoifanya kwenye kodi yenyewe, na mojawapo ya kazi zinazopendekezwa ni kuchukua skripti ya zamani ya majaribio na kuiandika upya kwa mtindo wa sasa. Mimi kazi yangu ya mchana ni kutunza seva za ofisi na skripti zake za sheli, lugha ya kuiamrisha kompyuta, basi wakanifuata: "Kaka, wewe sheli unaijua, tukague kabla hatujatuma." Tukawa tunakutana Jumamosi kwenye chumba cha ofisi ya rafiki yetu, Area D.

Gharama ya kwanza ilikuwa bando. Historia nzima ya Git ni kubwa, na kila mtu akiishusha kwa simu yake, hela ya chakula imekwisha. Wengine walishusha toleo fupi kwa `--depth`, wakaja kugundua kwamba `git blame` na `git log`, amri za kuonesha historia, haziwaambii kitu, na mkaguzi asiyeona mstari ulitoka wapi anakagua gizani. Dawa ikawa mtu mmoja kushusha yote usiku, kisha `git bundle create git.bundle --all`, faili moja likazunguka kwenye flashi. Ukilitumia faili hilo kwa `git clone` unapata historia yote bila kugusa intaneti. Ningewashauri wanaoanza wafanye hivi siku ya kwanza.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: Linus Torvalds alianzisha Git Aprili 2005, na tangu Julai ya mwaka huohuo Junio C Hamano ndiye anayeisimamia. Majaribio yake yako kwenye folda iitwayo `t`, mamia ya skripti za sheli, kila moja ikiwa na namba ya tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza inakuambia uko mtaa gani: zinazoanza na 4 ni za `diff` (amri ya kuonesha tofauti), 7 ni za amri za kila siku zinazogusa mafaili unayoyafanyia kazi, 9 ni za zana za pembeni. Nyingine zina umri unaokaribia wa Git yenyewe, na uzee wake unaonekana. Jina la jaribio limekaa mstari wake peke yake likifuatwa na mkwaju wa nyuma (`\`), mwili umejongezwa kwa nafasi nne badala ya Tab, kuna nafasi kati ya `>` na jina la faili, maandalizi yamemwagwa nje ya majaribio, na kuna `cd` inayoingia folda ndogo halafu `cd ..` ya kurudi. Hiyo ya mwisho si suala la urembo. Jaribio likifeli katikati, `cd ..` haifikiwi, na majaribio yote yanayofuata yanaendeshwa kwenye folda isiyo yake.

Kiraka cha kwanza kuletwa mezani kilikuwa kimoja kikubwa. Kijana alikuwa amefanya kila kitu kwa mpigo: ujongezaji, majina ya mafaili, `test -f` zote kuwa `test_path_is_file`, maandalizi kuhamishwa ndani. Skrini yote nyekundu na kijani. Nikamwambia akigawe, akanuna. Kwake ilikuwa kazi moja, "kusafisha", na kuigawa ni kujirudisha nyuma. Nilimweleza kwamba naomba hivyo kwa ajili ya macho yangu, wala si kwa ajili ya utaratibu. Kiraka chenye ujongezaji tu nakikagua kwa dakika chache, kwa sababu `git show -w` inaficha mabadiliko ya nafasi, na kama kweli ni ujongezaji tu basi hakibaki kitu cha kusoma zaidi ya zile mistari ya kufungua na kufunga majaribio. Kinachobaki zaidi ya hapo ndicho cha kuuliza. Mistari iliyohamishwa nayo ina chombo chake: `--color-moved` pamoja na `--color-moved-ws=allow-indentation-change` huipaka rangi tofauti ile iliyohama bila kuguswa. Hayo yote hayafanyi kazi kama mtu amehamisha mstari na kuubadilisha katika kiraka kilekile.

Alirudi wiki iliyofuata na mfululizo wa viraka vidogo, na katika kuvigawa alikuwa ameona mwenyewe mistari miwili aliyoibadilisha bila kukusudia. Hakuninunia tena.

Lakini hiyo `-w` ina hila yake, nayo ndiyo iliyotufundisha zaidi. Binti mmoja wa mwaka wa tatu alichagua skripti ya mtaa wa 4, za jamii ya `t4015-diff-whitespace.sh`, zinazojaribu jinsi Git inavyoshughulika na nafasi tupu. Maandishi ya jaribio yalitengenezwa kwa `cat >faili <<EOF`, namna ya kuingiza kwenye faili kila mstari hadi neno EOF, yakiwa yamebandikwa ukingoni kabisa mwa ukurasa, jambo linaloudhi macho. Mtindo wa sasa ni kuandika `<<-\EOF` na kujongeza kila kitu kwa Tab. Akafanya hivyo. Majaribio yakapita. Nikapitisha `-w`, nikaona safi, na kwa kweli kiraka kilikuwa kinapendeza.

Sasa, ile alama ya `-` baada ya `<<` kazi yake ni kufuta Tab zote zilizo mwanzoni mwa kila mstari. Zote, si ile moja uliyoongeza kwa ajili ya ujongezaji. Baadhi ya mistari ya maandishi yale ilianza na Tab ambayo ndiyo ilikuwa kiini cha jaribio: Git inafanyaje ikikutana na Tab mwanzoni mwa mstari? Na kwa kuwa faili la kuanzia na faili la matarajio yote mawili yaliandikwa kwa mtindo uleule mpya, yote mawili yalipoteza Tab zake kwa pamoja. Jaribio likawa linalinganisha maandishi yasiyo na Tab na matarajio yasiyo na Tab, likaridhika.

Tuliigundua kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kutoamini macho. Skripti hizi ukiziendesha na `-d` haziifuti folda ya muda ambamo zinafanyia kazi, ile inayoanza na `trash directory`. Mwenzetu mmoja aliendesha skripti ya zamani na ya sasa, akaziweka folda zote mbili, akazilinganisha kwa `diff -r` akiiacha pembeni `.git`. Mafaili ambayo hayakupaswa kutofautiana yalitofautiana. `cat -A` ikaonesha `^I` upande mmoja na hewa upande wa pili. Chumba kilinyamaza kidogo, kisha binti akacheka, akasema, "Kwa hiyo nimesafisha hadi nyama."

Marekebisho yalikuwa rahisi. Maktaba ya majaribio ya Git ina kisaidizi kiitwacho `q_to_tab`: unaandika Q panapotakiwa Tab, yeye anageuza. Kwa hiyo `q_to_tab >faili <<-\EOF`, ujongeze utakavyo, na Tab ya data haiguswi. Kuna wenzetu waliotaka tuache maandishi yabaki ukingoni kama yalivyokuwa, na hilo nalo lingekuwa sawa.

Ule mkwaju kabla ya EOF nao una lake. `<<EOF` bila mkwaju huacha `$jina` ligeuzwe kuwa thamani yake. `<<\EOF` huacha maandishi kama yalivyo. Mtindo unasema weka mkwaju panapokuwa hapana cha kugeuzwa. Anayeweka mkwaju kila mahali bila kusoma ndani, siku moja atalinganisha namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) na herufi za jina la kigeu. Hii angalau hufeli kwa kelele.

Yanayofeli kwa kelele hayanipi shida. Chukua `! test -f njia`. Mtu anaigeuza kuwa `test_path_is_missing njia`, na inaonekana ni kitu kilekile. Sivyo. Ya kwanza inasema "hapa hapana faili la kawaida", kwa hiyo pakiwa na folda yenye jina hilo inaridhika. Ya pili inasema "hapa hapana kitu". Skripti inayojaribu faili kugeuka folda itafeli papo hapo, mwandishi ataona, ataandika `test_path_is_dir` kama alivyopaswa, na jaribio litakuwa bora kuliko lilivyokuwa. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: `test -d` kugeuzwa `test_path_exists` kwa sababu mtu alikuwa anabandika haraka. Hapo jaribio limelegezwa na hakuna atakayejua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, na ambao sasa namwonesha kila mgeni wa kikundi, ni huu:

`! git ls-files | grep faili-lililofutwa`

Isome taratibu. Mwandishi wa zamani alitaka kuhakikisha faili halimo tena kwenye orodha. Kwenye bomba, ile alama `|` inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine, sheli inaangalia hukumu (kufaulu au kufeli) ya amri ya mwisho tu, yaani `grep`. Kama `git ls-files` imeanguka kabisa, haitoi kitu, `grep` haikuti kitu, inasema "sijaona", `!` inageuza "sijaona" kuwa ushindi. Git imekufa na jaribio limepita. Ni mlinzi anayesaini daftari la zamu akiwa amelala.

Usafi sahihi hapa ni `git ls-files >actual &&` halafu `test_grep ! faili-lililofutwa actual`. Lakini mtu anayesafisha akilenga sura tu ataondoa nafasi, atajongeza, ataacha bomba lilivyo, na kiraka kitasifiwa kwa unadhifu. Kwa hiyo ninapokagua usafi siangalii tu kilichobadilishwa. Natazama pia kilichoachwa kwenye mistari ileile iliyoguswa. Kama umeshaugusa mstari na una ugonjwa, utibu, kwa kiraka cha pembeni.

Hapa ndipo ilipozaliwa kanuni yetu ya kuharibu kwa makusudi. Kwa kila jaribio lililoguswa, mkaguzi analiharibu: anabadilisha herufi moja kwenye matarajio, au anaifuta amri ya Git inayojaribiwa, kisha anaendesha, kwa mfano, `sh t7001-mv.sh -v -i -x`. Inatakiwa aone `not ok`. Asipoiona, hapo pana habari. Mara nyingine tatizo ni `&&` (alama inayounganisha amri ili moja ikifeli zinazofuata zisiendeshwe) iliyoanguka mwishoni mwa mstari, ingawa kwa hilo Git ina kikaguzi chake kinachoshtuka chenyewe. Mara nyingine ni jina: mtu amebadilisha jina la faili la matarajio, `expected`, kuwa `expect` sehemu moja na kusahau nyingine, na kwa kuwa majaribio yote ya skripti moja yanatumia folda moja, `expect` ya jaribio lililotangulia bado ipo pale na inalinganishwa badala yake.

Mengine nayataja harakaharaka. Ukihamisha maandalizi kuingia ndani ya jaribio, mwili wa jaribio uko ndani ya nukuu moja, kwa hiyo nukuu moja zilizomo zitaukata katikati. `test_must_fail` ni ya amri za Git tu; kwa `grep` andika `!`. Ukiizungushia `cd` mabano ya sheli ndogo, angalia kama ndani yake kuna `test_tick`, inayosogeza saa ya majaribio, kwa sababu saa iliyosogezwa ndani ya mabano hairudi nje, na `test_when_finished`, ya kusafisha jaribio likiisha, nayo haifanyi kazi mle. Mara nyingi `git -C`, inayoendesha amri ndani ya folda nyingine bila `cd`, inakuepusha na yote. `wc -l` kwenye macOS hutanguliza nafasi mbele ya namba, ndiyo maana kuna `test_line_count`. Na usiruhusu `[[` wala `echo -e` hata kama kwako zinafanya kazi, kwa sababu si kila sheli inazifahamu.

Kuhusu mashine: hakuna aliyekuwa na kompyuta ya maana, na kuendesha majaribio yote kwa `make test` kwenye laptop ya mtumba ni kuikaanga. Umeme ukikatika ofisini na betri imechoka, unaanza upya. Tukajifunza kuendesha skripti iliyoguswa peke yake, na `--run` ikitaka sehemu tu, mradi usiache jaribio la maandalizi nje. Majaribio yote tuliyaendesha mara moja tu, kabla ya kutuma, na hiyo nilikuwa naifanya mimi usiku kwenye mashine yenye nguvu kidogo.

Jambo lililonisumbua zaidi ya sheli lilikuwa heshima. Kati yetu alikuwepo mtumishi mmoja mwenye umri wa baba zao, aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake, ambaye alianza kuandika kodi vijana hawa hawajazaliwa. Viraka vyake nilimpa kijana avikague. Jibu likaja: "Shikamoo mzee. Naona viko sawa kabisa." Nikavifungua, nikaona bomba la `grep` limeachwa. Nikamuuliza yule kijana pembeni, akaniambia aliliona, ila angeanzaje?

Sikumlaumu. Ukimwambia mtoto aliyelelewa huku amsahihishe mzee hadharani unamtaka avue nguo. Kuhubiri usawa nako kusingesaidia. Kilichosaidia ni kuibadilisha sentensi. Badala ya "hapa umekosea", mkaguzi anaandika alichokifanya na alichokiona: "Mzee, nimeifuta amri ya mstari wa kwanza wa jaribio hili, nikaendesha, bado linasema ok. Unaonaje?" Hapo anayesahihisha ni mashine, kijana ni mleta taarifa tu. Mzee alijibu kwa mistari miwili, akashukuru, akarekebisha. Baadaye akawa yeye ndiye mkali kuliko wote, na kauli yake ya "umeiharibu ukaona?" ikawa utani wa kikundi.

Maoni ya "imekaa vizuri" tuliyapiga marufuku. Kama umekagua, sema umekagua nini: nimesoma kwa `-w` na bila `-w`, nimelinganisha folda, nimeharibu majaribio haya na haya. Mtu akiandika hivyo, hata kama kuna kilichompita, anayefuata anajua pa kuanzia.

Kisha lilikuja swali ambalo binti yule wa Tab aliliuliza wazi: je, kazi hii ina faida, au ni ya kujionesha tu kwa waombaji? Swali la haki. Mwongozo wa mtindo wa Git wenyewe unasema kusafisha ni vizuri kunapoandaa njia ya badiliko la kweli, na vinginevyo unaonya dhidi ya kuvuruga kodi kwa ajili ya kufuata mtindo tu. Sababu ni kwamba kuna watu wengine wana viraka vyao njiani vinavyogusa skripti ileile, na usafi wako unawavurugia kazi. Ndiyo maana kabla ya kuchagua skripti tunaendesha `git log origin/master..origin/seen -- t/t7001-mv.sh`. Tawi la `seen` ndilo lenye kazi zilizopendekezwa ambazo hazijaingia. Likirudisha komiti za mtu mwingine, chagua skripti nyingine. Mmoja wetu aliruka hatua hiyo, akafanya kazi ya wiki kadhaa, akaambiwa kwa upole kwamba mtu mwingine yuko katikati ya kuliandika upya faili hilohilo. Aliumia, na sikuwa na la kumfariji zaidi ya kumnunulia chai.

Maelezo ya komiti nayo yalikula muda kuliko kodi. Kichwa kinaanza na namba ya skripti, kwa mfano `t7001:`, na maelezo yanasema kwa nini, kwa kauli ya kuamrisha, kisha `Signed-off-by`, sahihi ya mwandishi. "Safisha mtindo" haitoshi. "Acha kutumia bomba kwa sababu linaficha hukumu ya git" inatosha. Majibu ya watu wa mradi hufika kwa barua pepe usiku wa kwetu, kwa kuwa wengi wako Ulaya na Marekani, na yanaweza kuwa makavu. Kijana mmoja alipokea maneno matano tu juu ya kiraka alichokihangaikia, akadhani amechukiwa. Nikamwambia asome kilichoandikwa, asitafute kilichokusudiwa: walikuwa wameomba agawe kiraka cha tatu, basi.

Waombaji wetu hawakupata nafasi mwaka ule. Viraka vya wawili viliingia. Nilipovikagua matoleo ya baadaye sikuvisoma upya kutoka mwanzo. `git range-diff` inalinganisha mfululizo wa zamani na wa sasa, kiraka kwa kiraka, na inakuonesha kilichobadilika baada ya maoni yako. Mwombe mwandishi aiambatishe chini ya barua pepe ya kwanza ya mfululizo. Asipoiambatisha, iendeshe mwenyewe, hasa kama amesema amebadilisha sehemu moja tu.